Moto wa Injini

Mama Safia alizikwa Jumanne kabla ya adhuhuri, na habari zilinifikia Jumatano nikiwa mbele ya darasa, nikiwaeleza wanafunzi wa udaktari wa mwaka wa pili kwa nini kidonge kilekile kinamponya mtu mmoja na kumuumiza wa pili. Simu ilitetemeka mezani. Ujumbe ulitoka kwa Safia, bintiye: "Mama ametuacha. Ukiweza kuja, njoo." Nilimaliza kipindi, maana sisi wahadhiri tunajua sana kumaliza vipindi, halafu nikaingia ofisini, nikafunga mlango, nikalia kwa hasira. Nasema hasira kwa sababu ndiyo iliyotangulia. Huzuni ilinikuta baadaye, barabarani. Nilikuwa mpangaji wa mama huyo kwa mwaka mmoja tu, mjini Isiolo, wakati nilipotaka kuwa mtafiti kuliko nilivyotaka kitu kingine chochote duniani. Watu huniambia kwamba mambo ya zamani hupoa. Mwaka ule haujapoa, na sidhani unastahili kupoa.

Taaluma yenyewe inaitwa famakojenomiki, jina refu kwa jambo jepesi. Kila mtu amezaliwa na jeni zake, na jeni hizo ndizo zinazoamua kama mwili utaivunja dawa haraka au polepole. Anayeivunja haraka mno, huenda isimsaidie. Anayeivunja polepole hujikuta dawa imerundikana mwilini mpaka inamdhuru. Profesa wangu katika chuo cha udaktari alitaka kujua watu wa kaskazini wanaivunjaje mojawapo ya dawa za kifua kikuu, kwa kuwa karibu kila kitu kilichoandikwa vitabuni kilitokana na damu ya watu wa nchi nyingine. Wazo lilikuwa zuri, na hata leo nasema lilikuwa zuri. Alinipa sanduku la barafu, mirija, daftari na rundo la fomu, akaniambia niende Isiolo nikae huko mpaka mirija ijae. Yeye alibaki Nairobi.

Nilipata chumba Kiwanjani, ndani ya ua wa Mama Safia. Kuta zilipakwa rangi ya kijani mpaka usawa wa kifua na nyeupe kuanzia hapo kwenda juu, na kitanda cha chuma kilichokuwamo alidai kilikuwa cha babu yake, askari ambaye Waingereza walimleta kutoka mbali, wakamaliza vita vyao, wakamwambia alishe ng'ombe hapo Isiolo na ashukuru. Kulikuwa na dirisha moja, nalo lilitazama jiko. Kupitia dirisha hilo nilijua mji mzima: nani ameposa wapi, nani amekosana na wifi yake, lori la nani limezuiwa barabarani na kwa nini. Alfajiri niliamshwa na harufu ya anjera, ile mikate laini myembamba ya unga uliochachushwa, kwenye kikaango na chai iliyochemshwa kwa iliki na tangawizi mpaka ikawa nyekundu. Maziwa ya ngamia yalinishinda wiki ya kwanza kwa sababu ya ladha ya ule moshi wanaofukizia kibuyu, na Mama Safia alicheka mpaka akakaa chini. "Nyinyi watu ya Meru," aliniambia, "mnajua ndizi na miraa peke yake." Kufikia mwezi wa pili nilikuwa nayaomba mwenyewe.

Kule, mtu akitoka mahali hasalimiwi tu akaachwa apite. Anakalishwa, anapewa chai, na anaulizwa oduu. Neno ni la Kiborana, lakini mji mzima unalielewa: habari kamili, mvua imenyesha wapi, nani mgonjwa, mifugo imehamia upande gani. Ukishapewa habari za wenzako, nawe unatoa zako. Kuondoka na habari za watu huku zako umezifungia mfukoni ni ukosefu wa adabu ambao hata mtoto angekemewa kwa ajili yake. Mama Safia aliuona utafiti wangu kwa jicho hilohilo, na jioni moja tukichambua mchele alinikabili waziwazi.

"Hii damu unachukua kwa watu, imeenda wapi?"

"Maabara, Mama. Ng'ambo."

"Ikifika huko itasema kitu?"

"Itasema."

"Basi ikisema, utaleta oduu."

"Nitaleta," nilimwambia.

Fomu ilisema vingine. Katika ukurasa wa tatu, kwa herufi ndogo na kwa Kiswahili cha mtu aliyetafsiri akiwa na haraka, ilisema kwamba majibu ya mtu mmoja mmoja hayatatolewa. Sentensi hiyo nilikuwa nikiwasomea watu kliniki kila asubuhi, nikiipita upesi, nao wakiitikia kwa kichwa na kuweka kidole gumba. Kwa akili zao, na kwa akili ya mtu yeyote mwenye akili, damu hutolewa hospitali ili ugonjwa ujulikane. Hakuna aliyewaeleza wakaelewa kwamba hii ilikuwa damu ya aina nyingine, ya kwenda bila kurudi. Kazi ya kuwaeleza ilikuwa yangu.

Na aliyeniletea watu wengi kuliko hata kliniki yenyewe alikuwa Mama Safia. Alipita nyumba kwa nyumba akisema huyu msichana anakaa kwangu, anakula kwangu, mpeni damu. Wa kwanza kumleta alikuwa kaka yake, Abdi, dereva wa lori la kusafirisha ng'ombe na mbuzi kutoka soko la mifugo hadi Nairobi. Alikuwa amekohoa kwa miezi, akilitupia vumbi lawama zote, mpaka Sista Akiru, muuguzi wa kliniki ya kifua kikuu, alipompima na kumwanzishia dawa. Chumba cha kliniki kilikuwa chembamba, madirisha wazi mwaka mzima, upepo ukipeperusha kadi za wagonjwa, na Sista Akiru akizikandamiza kwa chupa ya chai na mandazi yaliyofungwa kwa gazeti. Abdi alinyoosha mkono wake mrefu juu ya meza hiyo. "Chukua," aliniambia, "lakini kama ni ya kumwagilia miraa, mimi sitaki." Nilicheka, nikaandika namba yake kwenye mrija, na jina lake kwenye daftari.

Miezi miwili baadaye alianza kulalamika kwamba miguu inamuwaka. Hakulalamika kliniki; alilalamika nyumbani, na jibu lilikuwa tayari kabla hajamaliza sentensi: ni moto wa injini. Lori lake lilikuwa kuukuu, injini iko chini ya viti, na kila aliyepanda mbele kwenda Nairobi alishuka nyayo zimebabuka. Madereva wote wa malori ya aina ile walimwagia miguu maji kila waliposimama. Mama Safia alikata kipande cha ngozi ya ng'ombe akamtandikia chini ya pedali. Sista Akiru alipomuuliza kila mwezi kama dawa zinamsumbua, alisema hapana, na hakuwa anadanganya. Nani huenda hospitali kushtaki injini? Nami, msomi wa dawa na jeni, nililisikia neno hilo kupitia dirisha langu siku nenda siku rudi, na nikaliamini kama wengine.

Kisha lori likaharibika. Ijumaa moja baada ya swala tulikuwa uani tukila wali na nyama ya mbuzi, ndizi pembeni, na Abdi ameketi nasi miguu yake yote miwili ikiwa ndani ya karai la maji baridi. Jirani alichungulia akamuuliza ana nini. Mama Safia akamjibia.

"Ati moto ya injini! Hiyo lori iko garage wiki ya tatu inangoja gia kutoka Nairobi, na huyu bado anasema injini. Injini gani? Si iko kwa fundi!"

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, mdomo umejaa wali, halafu nikaacha kucheka.

Jambo lile nilikuwa nimelisoma. Dawa ile, ikirundikana kwa mtu anayeivunja polepole, huunyima mwili vitamini fulani, na neva za miguuni huanza kuungua, halafu hufa ganzi. Kinga yake ni kidonge kidogo cha vitamini, cha kawaida kabisa, na wagonjwa walipaswa kukimeza pamoja na dawa zao, ila kliniki ilikuwa imekaa bila kidonge hicho tangu kiangazi na hakuna mkubwa aliyejali. Majibu ya maabara yalikuwa yameshanifikia kwa barua pepe wiki hiyo, safu ndefu ya namba zisizo na majina. Majina yalikuwa kwenye daftari langu, chini ya godoro la yule babu askari. Nililitoa, nikalinganisha. Abdi alikuwa miongoni mwa wale wa polepole kabisa.

Nilimpigia Profesa Jumatatu asubuhi, nikiwa nimesimama kando ya tangi la maji la hospitali. Nilimweleza yote, miguu, karai, namba.

"Umeangalia jina?" aliuliza.

"Nimeangalia, Prof. Miguu yake inaungua."

"Fomu inasemaje?"

"Inasema hatutoi majibu."

"Basi umejijibu. Ukimwambia mmoja utawaambia wote, na utafiti wangu umekwisha. Hebu niambie, Nkatha, unataka kuwa mtafiti ama unataka kuwa nesi wa zamu?"

Hasira yangu kwa mtu yule ina umri wa miaka mingi sasa na ina afya nzuri. Alizungumza kuhusu wauguzi kana kwamba ni tusi. Alisema utafiti wangu, na damu si yake. Hakuniuliza hata jina la mgonjwa. Lakini nikimaliza kumkasirikia yeye hubaki mimi, na hapo ndipo penye shida, kwa sababu nilinyamaza wiki tatu. Barua ya kunipendekeza kwa masomo ya uzamifu ng'ambo ilikuwa mezani kwake, haijatiwa sahihi, na wote wawili tulijua. Ningeweza hata kumwambia Sista Akiru, "Muangalie yule dereva miguu," bila kutaja namba wala jeni. Fomu haikukataza hilo. Hakuna fomu duniani inayokataza hilo. Sikufanya. Kwa wiki tatu nilikula anjera ya mama yule, nikanywa maziwa yake, na kila aliponiuliza, "Oduu ya damu?" nilimjibu, "Bado, Mama."

Ijumaa ya tatu Abdi aliingia uani akitoka msikitini, akiongea kwa sauti juu ya bei ya ng'ombe, mguu mmoja una kandambili na mwingine hauna kitu. Nyuma yake, juu ya mchanga uliofagiliwa, kulikuwa na alama za damu. Alikuwa amekanyaga kipande cha chupa mahali fulani njiani na kutembea nacho mpaka nyumbani. Safia, wakati huo msichana wa sekondari, ndiye aliyepiga kelele.

"Mjomba! Kiatu yako iko wapi?"

Abdi aliinama akautazama mguu wake kama anayetazama mguu wa mtu mwingine. Kisha akatafuta mahali pa kukaa.

Nilimfuata Mama Safia jikoni nikamwambia kila kitu. Alinisikiliza bila kuacha kumimina unga kwenye kikaango, akiuzungusha kwa mgongo wa upawa kutoka katikati kwenda nje, kama alivyofanya kila siku.

"Ulijua lini?"

"Wiki tatu, Mama."

Alifunika kikaango. "Na chakula ulikuwa unakula," alisema.

Hakuongeza neno, siku hiyo wala siku nyingine. Ningetamani angenifukuza. Sista Akiru naye hakunibakishia: "Hata kama ungesema tu, angalia huyo mtu miguu! Mdomo yako ilikuwa na kazi gani?" Aliteta na kila aliyekuwa na simu mpaka vidonge vya vitamini vikaletwa kutoka Meru, na ndani ya wiki chache kuungua kulipungua, kukaisha. Ganzi haikuisha. Lori lilipotoka kwa fundi Abdi alilijaribu kuzunguka uwanja mara moja, na kila alipotaka breki ilimbidi ainame atazame mguu uko juu ya pedali gani. Alilirudisha, akalizima, akamkabidhi dada yake ufunguo. Tangu siku hiyo alikuwa mtu wa kukaa sokoni akiwatafutia wengine mizigo.

Nilidhani Profesa atanifukuza mradini kwa kutoa majibu. Kinyume chake, nilipomweleza kwamba miguu ya mgonjwa imekufa ganzi na majibu yake yanalingana kabisa, sauti yake ilichangamka. "Piga picha ya nyayo," alisema. "Mbili tatu, kwenye mwanga mzuri." Nikazipiga. Abdi aliketi kwenye mkeka wa Mama Safia, ule wenye pindo la kijani, akainua miguu. "Hii ni ya hospitali?" aliuliza. Nilisema ndiyo. Mwaka uliofuata, katika ukumbi wenye zulia na chupa za maji mbele ya kila kiti, niliuona mkeka ule ukutani, mkubwa kuliko mlango, na nyayo zake juu yake. Profesa alisema "mgonjwa wetu." Mtu ambaye nilikatazwa kumwambia neno moja alikuwa sasa mgonjwa wetu. Nyuma yangu bwana mmoja alimnong'oneza mwenzake, "Kesi nzuri sana hii." Makofi yakapigwa, nami nikapiga. Jina langu lilikuwa la pili kwenye makala, na barua yangu ilishatiwa sahihi.

Haya yote nilikuwa nayo kifuani nilipoegesha gari Kiwanjani Jumamosi iliyopita. Ua ni uleule, jiko limehamishwa, dirisha langu limewekewa vyuma. Wanawake walikuwa wameketi mikekani, na Abdi alikuwa mlangoni na fimbo yake, akitazama chini akichagua kandambili zake kwa macho. Nilimtolea salamu za kwao.

"Salaam aleikum, Abdi."

"Aleikum salaam, Nkatha. Kaa. Sema oduu."

Nikakaa, nikaletewa chai, nikasema: barabara, mvua, watu wa Meru wanaendeleaje. Naye akanipa zake: jinsi dada yake alivyougua siku nne tu, jinsi alivyokataa kupelekwa Nairobi, jinsi Safia alivyomuuguza ilhali mwenyewe yuko kwa dawa za kifua kikuu mwezi wa pili huu. Hapo Safia, mwanamke mzima sasa mwenye duka lake la nguo, aliinuka akaingia ndani, akarudi na karatasi zilizokunjwa.

"Kuna msichana ya chuo yenu alikuja kliniki," aliniambia. "Alitutoa damu, sisi wengi. Tukapewa hii. Mimi nikasoma mpaka mwisho, sababu ya Mjomba." Alifungua ukurasa wa tatu, akaweka kidole. "Hii sahihi si yako?"

Ilikuwa yangu. Siku hizi mimi ndiye Profesa. Nina wanafunzi, nina mradi, na mradi unahitaji fomu. Na fomu mpya hatuandiki, tunachukua ya zamani tunabadilisha kichwa na jina. Yangu niliichukua kutoka kwa yule mtu ninayemlaani kila mwaka. Sentensi yake ilikuwa pale kama alivyoiacha, hata kosa la tafsiri halijarekebishwa, na chini yake sahihi yangu, nadhifu. Majibu yalikuwa yamekaa kwenye kompyuta ya chuo tangu mwezi uliopita. Hasira niliyoimeza ukumbini siku ile ya makofi ilinipanda tena, ila safari hii sikuwa na mtu wa kumtupia.

"Nataka kujua tu," alisema Safia. "Mimi niko kama Mjomba, ama sivyo?"

Nilimpigia mwanafunzi wangu palepale, mbele ya waombolezaji, nikaweka simu wazi mkekani. Nikamsomea namba iliyokuwa juu ya fomu, nikamwambia afungue kompyuta anisomee jibu. Ikaja sauti ya heshima, ya msichana anayengoja barua kutoka kwangu.

"Lakini Prof, fomu inasema hatutoi majibu."

Abdi aliinua kichwa. "Hiyo fomu nani aliandika?"

"Ni yangu," nilisema.

"Basi andika ingine."

Nilimwambia msichana asome. Akasoma. Safia alikuwa wa polepole, kama mjomba wake. Miguu haikuwa imeanza kumsumbua, na vidonge vya vitamini alikuwa akivipata, ila wiki mbili zilizopita vilikuwa vimeisha kliniki na akaambiwa avumilie. Niligeuza ile fomu, nikaomba kalamu, nikamwandikia muuguzi nyuma yake kwa herufi kubwa: huyu mwili wake unaivunja dawa hii polepole, vitamini isikose hata siku moja, aangaliwe miguu kila mwezi. Nikatia jina langu na simu yangu. Safia aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka chini ya goti.

"Na wale wengine?" aliuliza.

"Wengine gani?"

"Wale tulikuwa na wao kwa laini ya kutolewa damu hiyo asubuhi." Akanisogezea karatasi nyingine tupu, akakaa karibu nami, na akaanza kunitajia majina, mmoja baada ya mwingine, na nyumba ya kila mmoja.